Kigingi cha Kumi na Nne

Sajenti wa stoo alikuwa mtu wa kulalamika, na asubuhi hiyo alikuwa na sababu. Begi la marehemu lilikuwa limeshashuka rafuni mara tatu katika wiki moja, na kila liliposhuka ilimbidi ajaze fomu upya, aandike kila kilichomo, atie sahihi, kisha amsubiri Inspekta naye atie yake.

"Afande," alisema akilisukuma juu ya kaunta, "begi hili sasa linatembea kuliko lilipokuwa na mwenyewe."

Inspekta, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi, alitabasamu kwa adabu tu. Siku nyingine angemjibu. Leo alikuwa na muda mpaka saa kumi jioni. Mkuu wa kituo alikuwa amemwambia, kwa ile sauti yake ya upole ambayo maana yake ni kwamba hataki kujibiwa, kuwa faili la mtu wa ufukweni lifungwe leo hii. Daktari alikwisha sema: amekufa maji. Marafiki watatu wa marehemu walikwisha sema: aliondoka kambini peke yake alfajiri, bila kuaga. Hakuna aliyemsukuma. Kilichobaki ni Inspekta kuchagua neno la kuandika chini ya ukurasa wa mwisho, ajali au kujiua, kisha watu wote waende nyumbani.

Neno hilo moja ndilo lililomkosesha raha. Jumatatu mke wa marehemu alikuwa amekuja ofisini, akakaa kwenye ukingo wa kiti bila kuegemea. Alisema alikuwa hajamwambia mtu, hata dada yake wa tumbo moja. Jioni ya kuamkia safari waligombana, yeye na mumewe, kwa jambo dogo mno hata akaona haya kulitaja. Asubuhi, mume akiwa mlangoni na begi mgongoni, alimwambia: nenda, na ukipenda usirudi. Miaka ishirini na sita ya ndoa hakuwahi kumwambia hivyo. Siku ya nne ya safari mtu yule yule anatoka hemani gizani, haagi, hamwachii mtu neno, anaelekea baharini.

"Sasa niambie wewe, dada, uliyesoma hayo makaratasi," alisema. "Alinitii?"

Inspekta hakuwa mtu wa kumpa mfiwa jibu la kuokoteza. Alimwomba ampe siku chache. Siku hizo chache ndizo zilizokuwa zinaisha leo saa kumi.

Kisa chenyewe, kwa jinsi kilivyokaa kwenye faili, kilikuwa kifupi. Marafiki wanne, kila mwaka wakati wa likizo ya shule, walitembea kwa miguu siku tano wakifuata ufuo, kutoka mnara wa taa mpaka mdomo wa mto, wakilala njiani katika hema moja. Mwaka huu ulikuwa wa kumi na mbili. Kiongozi wao alikuwa Mwalimu, mfundisha jiografia ambaye hawezi kukuonyesha choo kilipo bila kukuchorea ramani. Wa pili Fundi, seremala, mtu wa maneno machache na viganja vipana. Wa tatu Nesi, mama wa wodi ya watoto, mcheshi wa kundi. Wa nne ndiye marehemu, karani wa posta aliyegonga mihuri kwenye barua za watu kwa miaka thelathini mpaka wenzake wakamwita Stempu. Stempu alitembea nyuma kabisa siku zote. Walikuwa na kanuni yao, na wote watatu waliitaja kwa fahari kabla hawajakumbuka wako mbele ya nani: mkia haachwi.

Siku ya nne ilikuwa na rasi ya mawe ya kuvuka. Rasi hiyo hupitika maji yakiwa yamepwa tu. Yakijaa, bahari huja kupiga ukuta wa jabali na hakuna njia nyingine. Asubuhi ile mwisho wa kupita ulikuwa saa tatu. Maelezo ya watatu yalisema kwamba waliamka saa kumi na mbili, wakakuta Stempu hayupo na begi lake halipo. Wakafunga hema, wakavuka. Kwenye kambi ya nne hawakumkuta. Kesho yake askari wa doria alimwona chini ya rasi, begi bado liko mgongoni.

"Tulidhani ametangulia." Maneno hayo yalikuwa katika maelezo yote matatu, herufi kwa herufi. Inspekta alikuwa na watoto wawili shuleni, na alijua kwamba wanafunzi watatu wakikosa hesabu moja kwa namna moja, kuna daftari lililopita chini ya dawati.

Lakini kujua mtu anadanganya si kujua anadanganya nini. Kwa siku tatu Inspekta alikuwa amepotezwa na tochi. Tochi ya Stempu ilikutwa kwenye begi la Mwalimu, naye akajiuliza, kama ambavyo yeyote angejiuliza, ni nani anayeondoka gizani kwenda kwenye mawe akaacha tochi yake. Alimbana Mwalimu mchana kutwa. Mwalimu akatoka jasho, akajikanyaga, akataja mwezi, upepo na mzunguko wa dunia. Mwishowe ikaonekana tochi ilikuwa imekufa tangu usiku wa pili, balbu imeungua, na Mwalimu aliichukua akijaribu kuitengeneza. Fundi alithibitisha, na balbu yenyewe ikathibitisha. Siku tatu zikaenda bure.

Kilichomrudisha kwenye stoo kilikuwa kichekesho. Leo asubuhi, akija kazini kwa miguu, alipita kando ya uwanja wa shule ambako vibarua walikuwa wakifungua hema kubwa la mkutano wa wazazi. Mmoja alikuwa amejilaza ndani kivulini. Mwenzake, kwa utani, akang'oa vigingi vya upande ule, na kitambaa chote kikamshukia aliyelala. Yule akatambaa nje akikohoa na kumtukana mwenzake mpaka mababu. Inspekta alicheka pamoja na wengine. Akatembea kama hatua ishirini, akasimama katikati ya barabara mpaka dereva wa lori akampigia honi.

Sasa alikuwa anatoa vitu begini kimoja kimoja na kuvipanga juu ya kaunta. Stempu alikuwa mtu wa kufunga vitu. Soksi zilikuwa kwenye mfuko wake, chai kwenye mfuko wake, kikombe na kijiko kwenye mfuko wao, na kila mfuko ulikuwa umefungwa kwa fundo lile lile, kitanzi mara mbili, ncha zimelingana. Mfuko mmoja tu haukufungwa. Ulikuwa wa turubai, umesokomezwa juu ya vingine, mdomo wazi. Kwenye orodha Sajenti alikuwa ameandika, mara zote tatu: vigingi vya hema, 13. Na mara zote tatu Inspekta alikuwa ameupita mstari huo bila kuuona. Hakuwahi kulala hemani maishani mwake. Kwa maoni yake binadamu walihangaika sana mpaka wakapata paa, na si adabu kulikimbia.

"Sajenti," alisema, "unaweza kukunja mkeka watu wakiwa wameulalia?"

Sajenti alifikiri kwa makini, maana maswali ya wakubwa huwa na mitego. "Naweza kujaribu, afande. Lakini nitakula kofi."

"Na vigingi vya hema, unaweza kuving'oa watu wakiwa wamelala ndani?"

Sajenti alivitazama vigingi, akamtazama Inspekta, na kwa mara ya kwanza wiki ile akasahau kulalamika. Kisha akasema huenda marehemu alibeba vya akiba. Lilikuwa jambo la maana, na Inspekta alikuwa amekwisha liwaza njiani. Alifungua faili kwenye maelezo ya Fundi, ukurasa wa pili, penye mstari ambao nao aliuruka: usiku wa nne upepo ulikuwa mkali, tukashikiza hema kwa mawe. Mwenye vigingi hahangaiki na mawe. Watu hawa walitumia mawe kwa sababu vigingi vyao vyote vilikuwa kwenye begi la Stempu. Na kama vilikuwa kwenye begi la Stempu, basi alipoachana nao hema lilikuwa limeshafunguliwa, na waliosema walikuwa usingizini walikuwa wima, macho makavu, mizigo mgongoni.

Aliomba na hema nalo litolewe stoo. Sajenti akaenda kutafuta fomu nyingine, akiwa amekumbuka kulalamika.

Aliwaita wote watatu saa saba mchana. Hakuwaita kwenye chumba cha mahojiano. Aliwapeleka uwanja wa nyuma wa kituo, penye nyasi kidogo kati ya gari bovu la doria na kamba ya kuanikia sare. Walikuja na nguo za heshima, kama watu wanaokuja kutia sahihi ya mwisho. Mwalimu alikuwa amevaa tai. Inspekta aliwasalimu, akawaulizia za nyumbani, akawaambia leo hana swali hata moja. Anawaomba tu wamsimamishie hema, kisha walifunge, vile vile wanavyofanya siku zote.

Mwalimu akataka kujua hilo linahusiana na nini. Inspekta akamjibu kwamba yeye ni mshamba wa mahema, na faili linamtaka aeleze kambi ilivyokuwa. Wala haukuwa uongo.

Kuna jambo moja ambalo Inspekta aliliamini katika kazi yake, na hakulitoa kwenye kitabu chochote cha chuo. Mdomo unaweza kufundishwa uongo kwa usiku mmoja, mkono hauwezi. Basi akageuza ndoo, akaikalia, akatazama mikono.

Mikono ilijua kazi yake. Mwalimu alitandaza kitambaa, akakigeuza ili mlango uupe upepo mgongo. Fundi aliunga nguzo bila kuziangalia. Nesi alizinyoosha kamba, kila moja upande wake. Hakuna aliyemwelekeza mwenzake na hakuna aliyemgonga mwenzake. Halafu, kitambaa kilipokwisha kuvutwa, kazi ikasimama. Kila mmoja alikuwa ameshika pembe yake, amechuchumaa, anangoja, na uso wake ameuelekeza pale pale, kwenye pembe ya nne. Walikuwa wanamngoja mtu wa vigingi. Ilipita pumzi moja, labda mbili, kabla Mwalimu hajagutuka na kuanza kukohoa.

Inspekta akaleta mfuko wa turubai mwenyewe. Akaunyoosha mbele yao, na kwa muda hakuna aliyeupokea. Mwishowe Fundi aliuchukua, akavipigilia vigingi kwa kisigino cha kiatu, akizunguka hema polepole. Vilikwisha kabla hema halijakwisha. Kona moja ilibaki wazi, ikawa inapigapiga kwa upepo.

"Kimepungua kimoja," alisema Inspekta.

Aliwaambia basi walifungue. Fundi akaving'oa, akakipangusa kila kimoja kwenye suruali yake safi, akavirudisha mfukoni. Alipomaliza alifanya jambo ambalo hakujua analifanya: akiwa bado ameinama, akiangalia nguzo anazotakiwa kukunja, alinyoosha mkono wa kulia kando akaushika mfuko hewani, usawa wa kifua cha mtu, ili mtu wa vigingi aupokee. Hapakuwa na mtu. Mfuko ukabaki unaning'inia hapo. Nesi aliutazama, akakaa chini kwenye nyasi na gauni lake zuri, akalia bila sauti.

Inspekta alimwinua, akampeleka ofisini kwake, akamwita askari wa kike aandike. Aliagiza wale wawili wakae vyumba mbalimbali na wapewe chai. Hakuanza na swali. Alimweleza Nesi jambo ambalo alikuwa hajamweleza mtu mwingine yeyote, kwamba mke wa Stempu alimwambia mumewe asirudi, na kwamba amekuja kuuliza kama alimtii.

Nesi aliinua uso. "Shemeji alimwambia hivyo?"

"Mlangoni, asubuhi mliyoondoka."

"Hakutuambia. Stempu hakusema kitu. Alikuwa anapiga mluzi njia nzima." Akajifuta macho kwa kiganja. "Kwa hiyo shemeji siku zote hizi anadhani..."

"Anadhani mlivyoandika ninyi. Mmeandika kwamba alitoka gizani bila kuaga."

Inspekta alifungua ripoti ya daktari, akaigeuza ili Nesi aisome mwenyewe, maana yeye ni mtu wa hospitali. Chini ya kucha za mikono yote miwili mlikuwa na mchanga mwingi, umeshindiliwa. Inspekta alisema kwamba wote waliosoma pale, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza, walidhani ni mtu aliyekuwa akijishikilia asizame.

"Lakini rasi ile ni mawe matupu," alisema. "Mchanga uko kambini. Alikuwa anachimba nini?"

Nesi alifungua mkoba wake, akatoa leso, akaifungua juu ya meza. Ndani mlikuwa na kigingi cha chuma, kimepinda kidogo shingoni, kikavu, kisafi. Alikuwa akitembea nacho kwa siku tisa.

Alieleza kwa utaratibu, kama anavyokabidhi wodi kwa wa zamu nyingine. Usiku wa tatu Fundi alikuwa amepoteza kifungulia kopo, na wao walitaka maziwa kwenye chai. Yeye akang'oa kigingi cha kona iliyokuwa imejikinga upepo, akatoboa kopo, akakipangusa, akakitia mfuko wa koti ili akirudishe. Akasahau. Asubuhi walichelewa kwa sababu kisigino cha Mwalimu kilikuwa na lengelenge. Hema likafunguliwa, mizigo ikafungwa, ikawa saa mbili na nusu. Stempu akahesabu vigingi, kumi na tatu. Akahesabu tena. Akapiga magoti, akaanza kuchambua mchanga kwa mikono.

Mwalimu alimwambia aachane nacho, Fundi atachonga kingine cha mti. Stempu akakataa. Alisema hawezi kuacha chuma mchangani mahali watoto wanapita miguu mitupu. Kila mwaka alikuwa na kisa chake cha namna hiyo, cha kifuniko au kipande cha kamba, na kila mwaka walimsubiri. Mwaka huu maji yalikuwa hayasubiri, na walikuwa wamechoka naye.

"Nani alisema muondoke?"

"Mimi. Nilisema, twendeni, atatukuta." Akakitazama kigingi. "Tukavuka. Upande wa pili kulikuwa na baridi, nikatia mikono kwenye mfuko wa koti. Nikakishika."

"Maji yalikuwa yamefika wapi?"

"Kwenye vifundo vya miguu."

"Mnayo filimbi?"

"Ya Mwalimu. Ikipigwa mara tatu maana yake acha kila kitu uje. Angekuja. Stempu alikuwa anatii filimbi kuliko sisi wote."

"Kwa nini hukumwambia Mwalimu apige?"

Askari aliacha kuandika akasubiri.

"Nilitaka kumtania," alisema. "Nilitaka jioni nikitie kwenye kikombe chake cha chai, akikoroge. Tungecheka mwaka mzima. Nilisimama pale namngoja, maji yanapanda, na mimi nacheka peke yangu."

Yaliyobaki yalikuwa mafupi. Maji yalipofunga njia walijipa moyo kwamba Stempu si mjinga, atakaa kambini mpaka yapwe. Jioni Mwalimu na Fundi walirudi kumchukua. Walikuta mahali pote pa hema pamechimbwa, mashimo kwa mashimo, yamepangwa kwa mistari, na mtu hayupo. Alichimba mpaka pakaisha pa kuchimba, ndipo akakimbia kuwafuata. Usiku ule Nesi aliwaonyesha kigingi. Kesho yake, maiti ilipoonekana, ni Mwalimu aliyesema waseme alitangulia. Watu watatu wazima, wanaheshimiwa mjini, wamemwacha mkia. Nani angewaangalia tena? Mwenyewe ameshakufa, alisema, hakuna wa kuumia.

Inspekta alikwenda kwa Fundi, halafu kwa Mwalimu. Fundi alichora mashimo kwenye karatasi bila kuulizwa mara mbili, akayapanga kwa mistari, na hakuinua kichwa. Mwalimu alijaribu kidogo na ule uongo wa zamani, ila njia ya mwongo ni fupi, na aliposikia habari za mke na maneno yake mlangoni aliuacha. Akavua tai, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni, akasema aandikiwe upya tangu mwanzo.

Saa kumi kasoro dakika tano Inspekta aliweka faili juu ya meza ya Mkuu wa kituo. Neno chini ya ukurasa wa mwisho lilikuwa ajali. Chini yake alikuwa ameambatisha shauri la maelezo ya uongo, majina matatu. Mkuu alisoma yote, akavua miwani, akauliza kama hilo la pili lina ulazima, maana watu hawa wameshaadhibika. Inspekta alisema lina ulazima. Mjane naye alikuwa ameadhibika siku tisa kwa kosa ambalo halikuwapo, na hakuna aliyemuuliza kama lina ulazima. Mkuu hakupenda jibu, lakini alitia sahihi.

Mke wa Stempu alikuja jua likiwa bado liko juu ya paa la stoo. Alikaa kwenye ukingo wa kiti kile kile. Inspekta hakumficha kitu, si koti, si filimbi, si kikombe cha chai, na wakati wote mama yule alikuwa ametazama mikono yake mwenyewe. Inspekta alimwambia kwamba mtu anayetaka kufa hahesabu vigingi mara mbili. Mumewe alikuwa na nia ya kusimamisha hema usiku ule, kumaliza safari kesho yake, kisha kurudi nyumbani.

"Hakukutii, dada," alisema. "Alikuwa anarudi."

Mama hakulia. Aliomba avione vile vigingi. Sajenti alivileta mwenyewe pamoja na fomu yake, mfuko wa turubai na kigingi kilichotoka kwenye leso. Mama akavimwaga mezani, akavihesabu kwa kidole mpaka kumi na nne, akavirudisha mfukoni kimoja kimoja. Kisha akaufunga mdomo, kitanzi mara mbili, akazivuta ncha mpaka zikalingana.

"Tuligombana kwa ajili ya kijiko," alisema. "Akiosha vyombo lazima ahesabu vijiko. Usiku ule kikapungua kimoja. Alipekua jiko zima, akapekua na pipa la taka, chakula kimepoa, mimi nimechoka, na kesho anasafiri. Nikasema sijaolewa na mwanamume, nimeolewa na orodha. Asubuhi bado nina hasira, ndipo nikamwambia lile neno."

Kwenye benchi la ukumbini, nje ya mlango uliokuwa wazi, Nesi alikuwa amekaa akisubiri kutia sahihi maelezo yake mapya, na kichwa chake alikuwa amekiinamisha hata hakuonekana uso.

Mama alimwona. Alisimama, akajiweka sawa nguo, akamtazama kwa muda bila kumsogelea.

"Leo sitaweza kusema naye," alimwambia Inspekta kwa sauti ya chini. "Ya kesho siyajui. Lakini nikishaondoka mwambie kwamba kijiko kile nilikuwa nacho mimi. Kilikuwa kwenye mfuko wa aproni yangu. Nilikipata asubuhi ile ile, hajafika hata kwenye kona, na sikumkimbilia."

Alitoka kwa mlango wa pili. Inspekta alikwenda kukaa benchini kando ya Nesi ili amfikishie salamu aliyopewa. Ndani, Sajenti alivuta fomu yake, akapiga mstari juu ya kumi na tatu, akaandika polepole kwa mwandiko wake mzuri: vigingi vya hema, 14; mfuko umefungwa.